Mwenza ni nani? Jumapili moja kwenye kikundi cha ukoo

Kikundi chetu kinaitwa Ukoo wa Ngamiani, ingawa tuliobaki Ngamiani kwenyewe, hapa Tanga mjini, ni mimi na Bibi tu. Haya ni ya Jumapili tarehe 19 Januari 2025, siku ya pili ya Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM kule Dodoma. Majina nimeyatoa, kila mtu nimempa jina la anakokaa. Mimi ni Ngamiani. Penye "Bibi anasema", ni mimi nachapa. Yeye kashata mkononi, macho kwenye runinga.

Shangazi Pongwe: Asalaam aleykum. Ndiyo kwanza natoka shamba, nasikia Mama Samia kashapitishwa kugombea urais? Si mkutano ulikuwa wa makamu mwenyekiti?

Kaka Dodoma: Waaleykum salaam Shangazi, shikamoo. Makamu mwenyekiti yaliisha jana, Wasira. Leo wajumbe wameibua hoja, likapita azimio. Rais Samia Muungano, Dk. Mwinyi Zanzibar.

Shangazi Pongwe: Marahaba. Na fomu? Wengine hawachukui fomu?

Kaka Dodoma: Azimio limeshapita Shangazi 😅

Ami Makorora: 2015 fomu zilichukuliwa na watu kama arobaini. Mpaka tukawa tunasahau nani kachukua nani hajachukua.

Mjomba Pangani: Hilo limepita. Swali limebaki moja tu. Mgombea mwenza nani, huyo wa kuwa Makamu wa Rais?

Mamdogo Muheza: Si atatoka Zanzibar kama kawaida.

Dada Sahare: Hapana Mamdogo. Safari hii Zanzibar hairuhusiwi.

Mamdogo Muheza: Hairuhusiwi na nani tena? Tangu nipate akili mwenza ni Mzanzibari.

Dada Sahare: Na Katiba, ibara ya 47. Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Uliwazoea Wazanzibari kwa sababu wagombea urais wote wa CCM tangu 1995 walikuwa wa bara. Mama Samia ni wa Kizimkazi, Zanzibar, kwa hiyo mwenza ni wa bara.

Mamdogo Muheza: Ehee. Kumbe sheria ni kupishana, siyo Zanzibar.

Ami Makorora: Mwanangu Sahare kasema kweli. Nina daftari langu hapa. 1995 Mkapa na Dk. Omar Ali Juma. 2000 hao hao. 2005 Kikwete na Shein. 2010 Kikwete na Bilal. 2015 Magufuli na Samia. 2020 hao hao. Mara sita, wenza wote visiwani. Leo ndiyo mara ya kwanza CCM inatafuta mwenza huku kwetu.

Mjomba Pangani: Na enzi za Mzee Mwinyi? Naye alikuwa wa visiwani.

Ami Makorora: Shemeji, enzi hizo mwenza hakuwapo. Picha moja, unapiga ndiyo au hapana, unakwenda zako kunywa kahawa.

(Ami alikuwa mwalimu. Daftari lile ni la jalada gumu, jekundu, pembe zimeliwa na mende. Kuna wagombea, kuna mechi za Coastal Union, kuna na deni la mtu aliyefariki ambalo hataki kulifuta.)

Shangazi Pongwe: Basi kama ni bara, Tanga nayo ni bara! Kwa nini asitoke kwetu?

Mamdogo Muheza: 🙌🙌 Wagosi!

Shangazi Pongwe: January Makamba. Au Ummy wetu.

Kaka Dodoma: Shangazi, January alitoka uwaziri wa Mambo ya Nje Julai iliyopita. Ummy alitoka Afya Agosti.

Shangazi Pongwe: Ndiyo wamepumzika hao, wana nguvu.

Ami Makorora: Tanga tulifika tano bora ya wagombea urais wa CCM 2015. Membe, Magufuli, January, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali. Wakaingia tatu bora, Magufuli na kina mama wawili. Ile siku niliandika January kwa wino, nikaja kukata.

Mjomba Pangani: *Ujumbe huu umefutwa*

Dada Sahare: Mjomba umefuta nini?

Mjomba Pangani: Kidole tu.

Shangazi Pongwe: Tuweke dau basi. Atakayepatia, waliokosa tunamchangia nguru mzima, mkubwa, wa soko la Deep Sea. Anapikiwa wali wa nazi Jumapili ijayo kwa Bibi.

Dada Sahare: Shangazi, kamari hiyo.

Shangazi Pongwe: Ni sadaka yenye ushindani.

Ami Makorora: Mimi naanza. Dk. Mpango, Makamu aliyepo. Mkapa hakumwacha Omar, Magufuli hakumwacha Samia. Mwenza habadilishwi katikati ya safari.

Dada Sahare: Ami, Kikwete alibadilisha 2010.

Ami Makorora: Kwa kuwa Shein alikwenda kugombea Zanzibar. Huyo hakuachwa, alihamishwa. Na Bilal mwenyewe alikwenda kuomba Zanzibar, akashindwa na Shein huyo huyo, akarudi na umwenza. Ukikosa kiti huku, kumbe umewekewa kigoda kule.

Mamdogo Muheza: Mimi Majaliwa. Waziri Mkuu tangu 2015, mtu wa Lindi, mpole. Nimemaliza.

Shangazi Pongwe: Biteko. Naibu Waziri Mkuu hakuwekwa bure. Na kura za Kanda ya Ziwa ni nyingi, msinitanie.

Dada Sahare: Tulia Ackson.

Mjomba Pangani: Wanawake wawili?

Dada Sahare: Wanaume wawili walikuwa mara ngapi Mjomba? Ami, soma daftari.

Ami Makorora: 😂😂 Mara nne.

Mjomba Pangani: Haya, sijasema kitu. Ila Mama ni Mwislamu, mwenza lazima awe Mkristo. Mizani.

Dada Sahare: Imeandikwa wapi?

Mjomba Pangani: Haikuandikwa, inajulikana.

Ami Makorora: Inajulikana na nani? Kikwete na Shein, Waislamu wote wawili, 2005 wakapata asilimia themanini. Kikwete na Bilal nao Waislamu wote wawili. Sheria ya visiwa na bara ipo kwenye Katiba. Hiyo yako ya msikiti na kanisa watu wanaihesabu vidoleni tu.

(Hapa kikundi kilinyamaza kidogo. Umeme ulikatika Makorora na Sahare, huku kwetu ulikuwapo. Bibi alisema, "Afadhali, wapumzike." Kisha akaniuliza watu wametaja nani na nani. Nikamsomea.)

Ngamiani: Bibi anasema nyote mnataja watu wanaoonekana madukani. Anauliza, mwenye nyumba akisafiri funguo anamwachia nani? Si mgeni wa heshima. Ni anayelala ndani.

Mamdogo Muheza: Shikamoo Mama. Sasa ndani analala nani?

Ngamiani: Bibi anasema marahaba. Anasema katibu. Katibu Mkuu wa chama. Yule kijana wa Songea.

Mjomba Pangani: Nchimbi? Mama mkwe, shikamoo, lakini huyo ana mwaka mmoja tu kwenye ukatibu. Aliingia Januari 2024, baada ya Chongolo. Na kazi yake ni kutafuta kura, siyo kupigiwa.

Ngamiani: Bibi anasema marahaba, na anakumbuka zaidi yenu. 2015 Kamati Kuu ya chama ilipolikata jina la Lowassa kwenye urais, walijitokeza watatu mbele ya kamera kusema hawakubaliani. Mmoja ni huyo.

Kaka Dodoma: Kweli kabisa. Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa.

Shangazi Pongwe: Sasa hiyo si ndiyo sababu ya kumnyima?

Ngamiani: Bibi anasema aliyegomba na nyumba, akaondoka, akarudi akapewa kalamu ya nyumba, huyo wamekwisha kumsamehe kila kitu. Bibi anaomba chai, narudi.

Dada Sahare: Mimi nauliza tu, kwa nini tunaumiza kichwa kwa mwenza? Kwenye bango ni picha ya pembeni.

Ami Makorora: Wewe mwanasheria unasema hivyo? Dk. Omar alifariki Julai 2001 akiwa Makamu, ikabidi atafutwe Shein. Shein kabla ya hapo nani alimjua huku Tanga? Tena 2005, mwenza wa Mbowe wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura. Uchaguzi wa nchi nzima ukatoka tarehe 30 Oktoba mpaka 14 Desemba. Mimi nilikuwa msimamizi wa kituo, masanduku tulikwisha kuyapokea. Picha ya pembeni ilisimamisha nchi.

Mamdogo Muheza: Na 2021.

Ami Makorora: Na 2021. Tarehe 17 Machi msiba wa Magufuli, tarehe 19 mwenza akaapa.

(Hapa hakuna aliyeweka kikaragosi.)

Kaka Dodoma: Kuna na jambo la 2030. Dada, lile la miaka mitatu likoje?

Dada Sahare: Ibara ya 40. Makamu akishika urais kumalizia muda wa mwenzake, kama alikaa chini ya miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili. Akikaa mitatu au zaidi, mara moja tu. Mama tangu Machi 2021 mpaka uchaguzi wa Oktoba mwaka huu ni zaidi ya minne. Kwa hiyo akishinda hii ndiyo ya mwisho.

Mjomba Pangani: Basi tunayemtafuta leo ndiye Rais wa 2030!

Ami Makorora: Taratibu shemeji. Omar alifariki. Shein alikwenda Zanzibar. Bilal 2015 alichukua fomu, hata tano bora hakuingia. Tangu 1995 hakuna Makamu hata mmoja aliyewahi kusubiri foleni akapewa tiketi. Ukisikia mtu anamuita mwenza mrithi, mwulize mrithi wa mirathi gani.

Shangazi Pongwe: Na wapinzani nao? Hawana mwenza?

Kaka Dodoma: Chadema kwanza wamalize mwenyekiti, Jumanne. Mbowe na Lissu.

Mjomba Pangani: Wapinzani wana mambo. Mnamkumbuka Juma Duni 2015? Mtu wa CUF, ikabidi ahamie Chadema ndipo asimame na Lowassa.

Dada Sahare: Kwa sababu mgombea na mwenza lazima wawe chama kimoja.

Mjomba Pangani: Najua sababu. Nasema mambo tu.

Kaka Dodoma: Jamani, Rais Samia anazungumza.

Kaka Dodoma: Anasema Dk. Mpango aliomba mwenyewe kupumzika.

Mamdogo Muheza: Ami 😭

Ami Makorora: Nimesikia. Redio ya betri ninayo.

Shangazi Pongwe: Ami katoka. Nguru kipande cha kwanza kimepatikana.

Ami Makorora: Kuomba kupumzika ukiwa Makamu wa Rais. Hilo sikuliweka kwenye hesabu. Mimi niliomba kupumzika ualimu nikaambiwa subiri mafao yashughulikiwe, nikapumzika kwa lazima kwanza.

Shangazi Pongwe: Semeni basi! Picha yangu imeganda.

Kaka Dodoma: Emmanuel Nchimbi.

Dada Sahare: Weeee!

Mamdogo Muheza: BIBI 🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️

Shangazi Pongwe: Mama amejuaje?? Ngamiani, mwulize nani kampigia simu.

Ngamiani: Bibi anasema simu yake mnaijua, haina hata chaji. Anasema 2015 mlimwambia Lowassa, Lowassa, mpaka mkamnyima usingizi, na wajumbe wanaimba kule ukumbini wana imani naye. Asubuhi likatoka jina ambalo hamkulitaja. Tangu siku ile akisikia majina matatu yanavuma, anatafuta la nne.

Ami Makorora: Naandika. 2025, Samia na Nchimbi. Kwa penseli mpaka Oktoba.

Dada Sahare: Kwa nini penseli?

Ami Makorora: Mwenza ni mwenza siku karatasi za kura zinapochapwa. Nimekwambia ya 2005.

Mjomba Pangani: Jamani, kwa haki ya Mungu, ule ujumbe nilioufuta mchana nilikuwa nimeandika Nchimbi.

Shangazi Pongwe: 😂😂😂😂

Dada Sahare: Mjomba!

Mjomba Pangani: Wallahi tena. Nikaona mtanicheka.

Mamdogo Muheza: Kidole kile kile kilichoteleza?

Mjomba Pangani: Basi nihesabiwe nusu. Nile na Mama, nisichange.

Ngamiani: Bibi anasema kichwa cha nguru ni chake. Waliokosa wachange sawasawa. Aliyefuta achange mara mbili, na nazi akune yeye.