Filamu ya bendi ya roki kutoka kanda za zamani: nichukue njia ipi kati ya hizi tatu?

KandaZaGereji
Wakuu, habari zenu. Nina sanduku la kanda 31 za MiniDV, zile kaseti ndogo za video za kidijitali, nilizopiga mwenyewe Nairobi kati ya 2004 na 2009. Ni za bendi moja ya roki, vijana wanne. Kaka yangu alikuwa mpiga dramu wao na mimi ndiye niliyekuwa na kamera, basi nikawa mpiga picha wao. Mpiga besi alifariki mwaka juzi. Kwenye matanga mama yake aliniuliza kama kuna mahali popote kijana wake anasikika akiongea. Gitaa lake anazo rekodi za kutosha, anachotafuta ni maneno yake. Swali hilo halijanitoka kichwani, na ndiyo maana nimeamua filamu hii itengenezwe.

Nimetazama nyingi za aina hii na naona njia tatu. Ya kwanza ni ya Peter Jackson kwenye The Beatles: Get Back, 2021: hakuna mahojiano mapya wala msimulizi, unakaa tu chumbani na Beatles wakitengeneza nyimbo Januari 1969. Ya pili ni ya Asif Kapadia kwenye Amy, 2015, filamu ya mwimbaji Amy Winehouse: picha ni za zamani, waliohojiwa baadaye unawasikia sauti tu. Ya tatu ndiyo tuliyoizoea, wahusika wamekaa kitini wanaeleza huku unakatia vipande vya zamani. Anthology ya Beatles ya 1995 ilijengwa hivyo. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza. Naombeni maoni, hasa ya waliowahi kuhariri kanda kuukuu.

FundiSauti_Ilala
Pole sana kwa msiba, dada. Kabla ya kuchagua njia, nijibu hili: sauti ilirekodiwa vipi?

Nakuuliza kwa sababu watu wakiitazama Get Back wanasifia picha, na mimi naona sauti ndiyo iliyoibeba. Picha za ile Januari 1969 zilikuwa kama saa 60 za filamu ya milimita 16. Sauti ilizidi saa 150. Magazini ya kamera ya namna ile inabeba futi 400 za filamu, yaani dakika kama 11, kisha mpiga picha anasimama kupakia upya. Lakini mkurugenzi wa wakati huo, Michael Lindsay-Hogg, alikuwa na vinasa sauti viwili vya Nagra, kwa hiyo kamera zikinyamaza maneno yaliendelea kuingia. Kuna mahali Lennon na McCartney wa Beatles wanaongea mgahawani, siku chache baada ya mwenzao George Harrison kuondoka kwenye bendi, na hakuna kamera iliyowapiga. Maikrofoni ilikuwa imefichwa kwenye chungu cha maua. Unasoma maneno kwenye skrini, unasikiliza, na ni kati ya sehemu nzito kuliko zote.

Hata hivyo sauti yenyewe ilikuwa ya mkondo mmoja, gitaa na maongezi vimerundikana pamoja. Jackson ameeleza kwamba wakati mwingine wanamuziki walipiga magitaa makusudi ili wasisikike wanachosema. Timu yake ilibidi itengeneze programu ya kujifunza kwa mashine, wakaiita MAL, ndipo mdomo ukatenganishwa na amplifaya. Kazi nzima ilichukua takriban miaka minne.

Sasa wewe, kama ulitumia maikrofoni ya kamera ndani ya gereji, najua ulichonacho. Dramu zimefunika kila kitu, na kamera inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe: muziki ukikatika, unasikia mvumo unapanda polepole kama jenereta ya jirani. Programu za kutenganisha sauti zipo siku hizi, hata za bure, na zinasaidia. Ila sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi. Bila kusikia kanda zako, njia ya kwanza siipi nafasi kubwa.

KandaZaGereji
Asante mkuu. Umeotea sawasawa, ni maikrofoni ya kamera, gereji ya mabati. Maonyesho mawili tu nilipata waya kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Lakini kuna kanda kadhaa ambazo mazoezi yakiisha niliiweka kamera mezani nikasahau kuizima, nao wanakunywa chai na kubishana.

FundiSauti_Ilala
Hizo za chai ndizo filamu yako. Anza nazo.

MhaririWaUsiku
Naunga mkono hoja ya sauti, ila mimi namshauri achukue njia ya pili. Kapadia aliwahoji watu chumbani, taa zimepunguzwa, bila kamera. Mtu asiyejiona anatazamwa hujisahau. Hatengenezi kola, hafikirii mke wake atasema nini. Nimehariri mahojiano ya aina zote mbili na tofauti naisikia kwenye pumzi ya anayeongea.

Kuna faida nyingine. Bila shaka hao waliobaki wametawanyika. Kumpiga picha mtu aliyehamia nchi nyingine ni gharama ya ndege na taa, ila sauti nzuri anaweza kujirekodia mwenyewe ndani ya kabati la nguo. Halafu mtazamaji anabaki na zile nyuso za miaka ishirini na kitu. Ukishamwonyesha mwanamuziki mwenye mvi kwenye kiti, uchawi wa 2005 unakatika, na kila ukirudi kwenye kanda inabidi uujenge upya.

Mama_Kanda
Hapo natofautiana nawe kidogo, ndugu Mhariri. Kiti hakina kosa, kosa ni kumweka mtu kitini na kumuuliza maswali makavu. Tazama alivyofanya mwanamuziki Questlove kwenye Summer of Soul, pia ya 2021. Alikabidhiwa kama saa 40 za tamasha la muziki la Harlem, New York, la 1969, kanda zilizokaa chini ya nyumba ya aliyezipiga kwa karibu miaka 50. Waliokuwepo aliwawekea zile picha, kisha kamera ikawatazama wakitazama. Mmoja, Musa Jackson, alikuwa mtoto mdogo siku ile. Anatoa machozi, maana kwa miaka yote hakuwa na hakika kama alichokumbuka kilitokea kweli. Uso wake wa leo haukati uchawi wowote. Bila huo uso hizo picha zingekuwa tamasha tu.

Dada, mwekee kaka yako kanda ya chai. Usimuulize chochote. Mpige picha akitazama.

WakiliWaWasanii
Mimi niulize la karatasi. Bendi ilikuwa na nyimbo zake au ilipiga kopi za nyimbo za wengine?

KandaZaGereji
Nusu kwa nusu. Kwenye baa watu walitaka nyimbo za Nirvana, ile bendi ya Marekani, basi walipewa Nirvana.

WakiliWaWasanii
Basi chora mstari mapema. Hizo kopi ulipiga picha wakizicheza wenyewe, kwa hiyo rekodi ya asili hukuitumia, lakini mtunzi wa wimbo bado ana haki yake, na wenye nyimbo kubwa hivyo wanadai pesa nyingi. Jenga filamu juu ya nyimbo zao wenyewe. Na nyimbo hizo nazo zina wenyewe: andikianeni mkataba mfupi sasa, wote watatu pamoja na familia ya marehemu, kabla hamjakata hata fremu moja. Kushika kanda mkononi si kumiliki muziki uliomo.

Amazing Grace, filamu ya mwimbaji Aretha Franklin, inafundisha yote mawili, la sauti na la haki. Ilipigwa kanisani Los Angeles Januari 1972. Hawakutumia kile kibao kinachogongwa mwanzoni mwa shoti, kwa hiyo kuoanisha sauti na picha kukawashinda. Teknolojia ilipokuja kuliweza hilo, mwenyewe Aretha akaenda mahakamani kuizuia, mwaka 2015. Ilionyeshwa 2018, baada ya yeye kufariki.

Mtafiti_Upanga
Nipite haraka kusema jambo moja, dada: una utajiri. Mimi nilitaka kufanya filamu ya bendi ya Dar ya miaka ya 70. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994! Nilipata sauti za redio, picha za mnato nane, na wazee wawili. Picha inayotembea, hakuna hata sekunde. Waliofanya filamu ya WITCH, ile bendi ya roki ya Zambia, 2019, walifuata njia ya busara: wakamfuata mwimbaji wao Jagari alivyo sasa, safari ndiyo ikabeba hadithi. Mtu mwenye saa 31 za vijana wakiwa hai asikimbilie kiti wala droni. Tafadhali.

MhaririWaUsiku
Nimekubali hoja ya Mama_Kanda, kwa mtu mmoja au wawili, si kwa wote.

La kiufundi nisilisahau. MiniDV inahamishwa kwa muda wake halisi, saa moja ya kanda ni saa moja ya kusubiri, na inakula kama gigabaiti 13. Tumia waya wa FireWire, ule wa kidijitali wa kuunganisha kamera na kompyuta, upate data ile ile iliyomo, usipitie waya wa njano wa televisheni. Hifadhi nakala mbili, nyumba mbili. Picha ni ya nne kwa tatu, iache hivyo hivyo, usiivute ijaze skrini, utawanenepesha vijana wa watu. Na usizidishe programu za kulainisha. Hata Get Back ililaumiwa kwamba nyuso mahali fulani zinafanana na nta. Chembechembe za kanda ni sehemu ya mwaka ule.

KandaZaGereji
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimehamisha kanda 14.

Kwenye ya 12, dakika ya 41, mazoezi yameisha. Kamera iko mezani imelala kidogo, inaona kikombe cha bati na nusu ya mguu wa mtu. Marehemu anamweleza kaka yangu jinsi mama yake alivyomfundisha kusonga ugali akiwa na miaka tisa, kwa sababu hakutaka mtoto wa kiume anayesubiri kupakuliwa. Dakika sita na nusu. Sauti iko safi, hakuna dramu. Uso wake hauonekani hata mara moja.

Kipande hicho kitakaa kizima, bila kukatwa. Cha kwanza nilimpelekea mama yake nyumbani kwa simu na spika ndogo. Alisikiliza mara tatu.

Kwa hiyo nimeamua: chai zikae kama Get Back, waliobaki wawili watanirekodia sauti tu, na kaka yangu atatazama kanda mbele ya kamera. Nirvana zote nimeziweka pembeni, na mkataba tunasaini Jumamosi.

Swali moja. Kanda ya 9 inatoa miraba miraba kuanzia dakika ya 22 na sauti inakatika. Nimesafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, haijasaidia.

FundiSauti_Ilala
Ile kamera iliyorekodi bado unayo? Hedi ikiwa imekaa upande kidogo, kanda zake husomeka vizuri kwenye kamera hiyo hiyo na kwingine zinagoma. Kabla ya hapo ipeleke kanda mbele mpaka mwisho, irudishe mwanzo, iache ipumzike nusu siku, kisha ujaribu. Na usiichezeshe tena na tena ukitafuta bahati, kila mzunguko unakwangua.

KandaZaGereji
Ipo, kwa kaka. Betri imekufa. Natafuta chaja ya ukutani.