Mbwa wangu ananivuta kilomita ya kwanza, kisha anagoma: nakosea wapi?

Mgeni wa Nyika

Wenzangu, habari za leo. Kwa miaka minne nimekuwa nikikimbia mbio za nyika peke yangu, na miezi miwili iliyopita niliamua kumchukua mbwa wangu, dume chotara wa miaka miwili mwenye uzito wa kilo 24, ambaye nyumbani hachoki kurukaruka tangu asubuhi hadi usiku. Nimefunga kamba ya kawaida kwenye kola yake ya shingoni, na ncha ya pili nimeifunga kwenye mshipi wa kaptura yangu. Kilomita ya kwanza ananivuta hadi anakohoa. Tukifika ya tatu anakwenda kujilaza chini ya mti, ananitazama, na hata nikivuta kamba hanyanyuki. Juzi, tukiteremka mahali penye changarawe, alimwona ndege akachomoka, nami nikaanguka kifudifudi na kuchubuka viganja vyote viwili. Huwa tunatoka saa tisa alasiri, mara tu anapomaliza kula. Je, mbwa huyu ni mvivu, hajazoea, au mwenye kosa ni mimi?

Kamba na Kifua

Pole sana kwa kuanguka, ndugu. Kuhusu uvivu, mbwa anayekuvuta hadi akakohoa hawezi kuitwa mvivu. Anajinyonga mwenyewe kwa kola uliyomvalisha. Mchezo huu wa kukimbia ukiwa umefungwa kamba na mbwa wako, ambao washiriki wake huuita kanikrosi, ulikuzwa Ulaya na waendeshaji wa sleji (vyombo vya kuteleza juu ya theluji vinavyokokotwa na mbwa) waliotaka kuwafanyisha wanyama wao mazoezi wakati ambapo hakuna theluji, na jambo la kwanza walilolijua watu wale ni kwamba mbwa huvuta kwa kifua, si kwa koo.

Mtafutie mkanda wa kifuani ulioundwa kwa ajili ya kuvuta, usiobana koromeo wala kupita juu ya mabega kiasi cha kumzuia kutupa miguu ya mbele. Ukishamvalisha, pitisha vidole viwili kati ya mkanda na manyoya: visipopita umebana mno, na mkono mzima ukipita utamchubua kwapani. Wewe nawe uvae mkanda mpana unaokaa chini kwenye nyonga, kwa sababu ukipanda kiunoni kila mvuto utaishia kwenye uti wa mgongo. Kati yenu iwepo kamba yenye mpira ndani, inayofikia takriban mita mbili ikivutika, ili anapochomoka mshtuko umezwe na mpira kabla haujakufikia.

Kwenye mteremko, mfundishe neno moja la kumrudisha nyuma au ubavuni mwako, na mkazoee kwanza kwa kutembea. Mimi nilianguka mara tatu kabla sijakubali kwamba kuteremka mlima huku kilo 30 zikinivuta mbele si ushujaa.

Tabibu wa Wanyama

Naafikiana na aliyetangulia kuhusu vifaa, lakini kilichonishtua katika maelezo yako ni ule mti. Mbwa hana njia yetu ya kutoa jasho mwili mzima; jasho lake ni kidogo tu, kwenye nyayo, na joto lingine analitoa kwa kutweta, yaani kwa unyevu unaokauka mdomoni na kwenye njia za pumzi. Ndiyo maana hewa yenye unyevunyevu humwelemea hata siku ambayo wewe unaiona ya wastani. Joto lake la kawaida mwilini ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, na likifika 41 hiyo ni dharura inayoweza kumuua. Kwa hiyo mbwa wako alipokwenda kivulini akakataa kuondoka, alifanya uamuzi sahihi, na wewe uliyevuta kamba ndiye uliyekosea. Nasema hivi bila nia ya kukudhalilisha.

Hamishia mazoezi alfajiri. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako ardhini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia. Ukimwona anatweta kwa nguvu bila kupungua, ulimi umetoka na kupanuka, ufizi umekuwa mwekundu sana, au anapepesuka, simama papo hapo, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, kisha mfikishe kwa daktari hata kama anaonekana kupata nafuu.

Chakula nacho kisikaribiane na mbio. Acha saa mbili au zaidi zipite, na baada ya kukimbia usimpe mlo hadi atakapotulia kabisa. Tumbo lililojaa linaweza kuvimba kwa gesi na kujipinda, hasa kwa mbwa wenye kifua kirefu, na hali hiyo huua kwa muda mfupi. Kwa umri wa miaka miwili mifupa yake imeshakomaa, kwa hiyo hapo huna tatizo. Wengine wanaosoma hapa na wenye watoto wa mbwa wasubiri, na wenye mbwa wa pua bapa, kama vile bulldog, watafute mchezo mwingine.

Mgeni wa Nyika

Narudi baada ya wiki tatu kuwashukuru, na kukiri kwamba niliposoma maneno ya Tabibu niliona haya. Tunatoka kabla jua halijachomoza, akiwa hajala, tunakimbia dakika mbili na kutembea moja, na jumla haizidi kilomita tatu. Kikohozi kimekwisha. Jana nilipomkagua nyayo nilikuta ngozi imeanza kuwa ngumu, isipokuwa ufa mdogo kwenye kidole kimoja, nikampumzisha. Limebaki jambo moja: nikisema «kulia» anakwenda kulia, na nikisema «kushoto» anakwenda kulia vilevile.

Kamba na Kifua

Huenda kwake maneno yote mawili yana maana ya «geuka». Kwa wiki moja acha kabisa neno «kulia», chagua njia zenye kona za kushoto, na utamke «kushoto» pale anapoanza kugeuka, si ukiwa mita kumi kabla ya njia panda. Akikosea, usimkemee wala usimvute. Simama tu kimya hadi ageuke mwenyewe, kisha mwondoke mara moja, kwa kuwa kwa mbwa wa aina hii kuondoka ndiyo zawadi. Ule ufa uache upone kabisa kabla hujamrudisha kwenye changarawe.