Henri wa 4 wa Ufaransa alimalizaje vita vya Wakatoliki na Waprotestanti?

Zabibu_Kavu: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa Nkuhungu anakomaa kwamba Henri wa 4 alimaliza vita ya dini kwa kuhamia Ukatoliki tu, basi watu wakaweka silaha chini. Mi haniingii akilini, hapa Dodoma binti akitoka Anglikana kwenda Katoliki sababu ya ndoa tu ukoo unanuna, sembuse watu waliochinjana kuanzia 1562 mpaka 1598? Mwenye nondo atiririke.

Mwl_Makole: Jamaa kapatia nusu. Henri alirithi kiti 1589 baada ya Henri wa 3 kuchomwa kisu na mtawa, Paris wakamgomea kabisa maana alikuwa Mprotestanti. Julai 1593 akaukana Uprotestanti pale Saint-Denis, Machi 1594 Paris ikamfungulia geti. Ila wakubwa wa ile Ligi ya Wakatoliki (umoja wa Wakatoliki waliompinga) aliwanunua mmoja mmoja mkuu, hela, vyeo, pensheni. Mercœur wa Brittany, jimbo la magharibi, ndo alichelewa mpaka 1598, na mfalme alikuwa kaenda huko kumalizana naye, ndo maana ile amri yake ya kuwapa Waprotestanti haki zao ikatokea Nantes, mji wa hukohuko.

Kibaigwa_Mixer: Sasa Waprotestanti wenzake si aliwaacha kwenye mataa?

Mwl_Makole: Thubutu. Aprili 1598 wakapewa ibada sehemu zilizotajwa (Paris hapana), ruhusa ya kushika kazi za serikali, mahakama zenye majaji mchanganyiko, na miji ya kujilinda kama La Rochelle, tena askari wanalipwa na mfalme huyohuyo. Ila mi kilichonikamata ni vifungu vya mwanzo, vinapiga marufuku kufukua ya nyuma au kutupiana maneno kwa yaliyotokea vitani. Yaani mjane wa mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo 1572, Waprotestanti walipochinjwa, anapishana sokoni na muuaji wa mumewe na haruhusiwi kumchokonoa. Ni dawa chungu ile, sijui kama mi ningeimeza.

Bi_Changombe: Mwalimu usimpambe sana, amani yenyewe ilimtegemea yeye. Majaji wa Paris waligoma kuisajili mpaka akawaita akawafokea, wakakubali 1599. 1610 Mkatoliki mmoja, Ravaillac, akamchoma kisu akafa ndani ya gari lake la farasi, barabara finyu, foleni. Baadae Richelieu, waziri wa mwanae Louis wa 13, akaizingira La Rochelle mpaka njaa ikawatoa, halafu mjukuu wa Henri, Louis wa 14, akaifuta amri yote 1685, Waprotestanti kibao wakakimbilia Uholanzi, Uingereza na Prussia. Kwa hiyo alisimamisha vita sawa, kumaliza hapana.