Kambi ya kwanza Le Mans: hema nibebe kutoka Nakuru au ninunue huko?

Fundi_Section58:

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru. Safari Rally nimeifuata tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kwa hiyo kulala porini Soysambu na kula ugali wenye vumbi si mambo mapya kwangu. Sasa kuna binamu yangu anayeishi Rennes, Ufaransa. Amenitia kiherehere twende pamoja kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwezi Juni, tupige kambi hapo hapo uwanjani. Yeye ana gari na kutoka kwake si mbali. Nauli nimeshaanza kuweka, na zamu yangu ya chama ikifika naikamilisha.

Shida ni kwamba hema langu ni la turubai, la watu wanne, lina nguzo za chuma. Ndege itanitoza kilo hadi nilie. Nilibebe au niliache? Kupika je, watu wanatumia nini? Baridi ikoje? Halafu kuna viza. Mimi sina hati ya mshahara, pesa za karakana zinaingia kwa Till, ile namba ya kulipia kwa simu. La mwisho anauliza mke wangu: mtalala saa ngapi, kama magari yanazunguka usiku kucha?

Nyar_Kisumu:

Kaka fundi, hilo turubai liache Nakuru likufunikie spea. Mimi na mzee wangu tulikuwa Le Mans 2024, mwaka wa mvua. Mwambie binamu anunue hema jepesi la tabaka mbili kwenye duka la Decathlon, alifunge kwenye gari, na mlisimamishe nyumbani kwake kwanza kabla ya safari. Letu mishono ilivuja, tukahamia upande mmoja kama abiria wa matatu.

Jiko pia usibebe. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, uwe kwenye mzigo au mkononi. Na hata ukisema utabeba kichwa cha jiko tu, mitungi mingi inayouzwa Ufaransa inafungwa kwa kubofya na kuzungusha, haina nyuzi za skrubu. Kichwa chako cha skrubu kitakaa hivyo hivyo mkitazamana. Nunueni jiko na mtungi pamoja, duka moja.

Baridi wewe mtu wa Nakuru hutaisikia sana. Sisi wa Kisumu ndio tulitetemeka. Beba mfuko mzuri wa kulalia na koti la mvua. Gambuti usiache!

Sasa jibu la mkeo. Mbio zinaanza Jumamosi saa kumi alasiri, ambayo huku kwetu ni saa kumi na moja, na zinaisha Jumapili saa iyo hiyo. Juni jua linakawia kule, linatua karibu saa nne usiku, na kufika saa kumi na mbili asubuhi kumekucha. Giza ni fupi. Wageni wengi wanakosa usingizi Ijumaa kwa kelele za kambini, halafu Jumamosi usiku wanaanguka saa tano, wakati utamu ndio umeanza. Lala Jumamosi baada ya chakula cha mchana hata kama hutaki. Usiku lala kuanzia saa nane mpaka kumi na moja, kisha amka uone kukicha. Magari yakitoka gizani na matope ya usiku mzima, taa zingine zimepasuka, hapo fundi utajua gari gani limetunzwa.

Na kelele unazizoea. Mwaka ule wa mvua gari la usalama, linalopunguza kasi ya wote, liliongoza msafara zaidi ya saa nne usiku. Mimi nilikuwa usingizini, na kilichoniamsha ni mngurumo kupungua. Nikamwamsha mzee, nikamuuliza kama mbio zimevunjwa.

Jambo moja kwa ajili ya kazi yako: jioni nendeni kona ya Arnage. Magari yanatoka kwenye kona za Mulsanne na Indianapolis kwa kasi kubwa, yanafika hapo yanakanyaga breki hadi karibu yasimame. Giza likianza kuingia unaona diski zinawaka nyekundu ndani ya rimu.

Mstaafu_Kericho:

Kijana, dada amekujibu vizuri. Mimi naongeza ya viza, maana hapo ndipo safari nyingi hufia.

Kwa sababu utafikia kwa binamu, aende mairie (ofisi ya manispaa) ya mtaa wake aombe hati ya kukukaribisha, inaitwa attestation d'accueil. Aanze mapema, isiwe wiki ya mwisho. Wewe tafuta bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau yuro 30,000. Ada ya viza ni yuro 90, na alama za vidole unachukuliwa Nairobi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usikaribie huo mwisho. Juni kila mtu anataka kwenda Ulaya. Pesa za Till anza leo kuzipitisha benki, zikae zionekane. Cheti cha kusajili biashara na karatasi za kodi za KRA weka pamoja. Wanachotaka kujua ni kama una sababu ya kurudi, na karakana yenye wafanyakazi ni sababu.

Tiketi ya kuingia na ya kambi ni vitu viwili. Nunueni kwa waandaaji wenyewe, ACO, na kambi mchukue kwanza, maana ndiyo huisha. Mkiweza fikeni Jumatano. Kuna mazoezi hadi usiku Jumatano na Alhamisi, halafu Ijumaa magari yanapumzika na madereva wanapitishwa mjini watu wawaone.

Nyama na maziwa usibebe, forodha ya Ulaya haikubali. Mursik pia ni maziwa, usijaribu kubishana nao.

Na usiende kule kama mgeni wa mambo haya. Joginder Singh alizaliwa hapa Kericho, akashinda Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, enzi ambazo gari lilikimbia maelfu ya kilomita na likivunjika njiani unalitengeneza hapo hapo. Hao wa Le Mans wana gereji kila wakikamilisha mzunguko wa kilomita 13.6.

Fundi_Section58:

Mzee, shikamoo, na dada, asante. Hiyo ya mtungi kubofya singeijua hadi niko kambini na njaa. Binamu nimempigia, Jumatatu anaenda mairie. Sasa anauliza kambi: yeye ameona Maison Blanche, iko karibu kabisa na barabara ya mashindano. Tuchukue?

Nyar_Kisumu:

Mkiwa nyinyi wawili tu, chukueni, mtasikia kila gia ikibadilishwa. Mkeo akija, tafuteni iliyo mbali kidogo. Na viziba masikio beba jozi nyingi, vinapotea sana kwenye hema.