Gasketi au silikoni? Tupeane uzoefu wa kuziba oili inayovuja kwenye injini

Mwanzisha mada, Tabora mjini:
Wakuu, mafundi na wamiliki wa vyombo, salamu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa jambo linaloleta ubishi katika gereji nyingi za kwetu na za jirani zetu wa Kigoma: injini ikivuja oili, fundi aweke gasketi (kipande cha karatasi au raba kinachokaa kati ya vyuma viwili) au apake silikoni ya tyubu na kufunga? Najua bei inachangia, kwa kuwa mtu wa Sikonge au Uvinza mwenye injini isiyo ya kawaida huagiza gasketi Mwanza au Dar es Salaam na kuisubiri, wakati tyubu ya silikoni ipo duka la jirani. Hata hivyo, kila anayeandika ataje injini yake na mahali ilipovujia, maana jibu la kava la tapeti, yaani kifuniko cha juu ya injini, haliwezi kuwa jibu la sampo, yaani karai la oili lililo chini yake.

Nianze mwenyewe. Kazi yangu kubwa ni Toyota. Katika injini zake nyingi, sampo haina gasketi ya karatasi tangu kiwandani. Imepakwa silikoni maalumu ya injini, kwa hiyo anayekata karatasi na kuilazimisha pale anajitafutia uvujaji mpya. Kava la tapeti la injini hiyohiyo lina gasketi ya raba inayokaa ndani ya mfereji wake. Raba hiyo haihitaji silikoni mzunguko mzima, bali tone dogo kwenye zile kona ambazo vyuma viwili hukutana na kuacha upenyo. Raba mpya ikipakwa silikoni yote huteleza wakati wa kukaza boliti, na upande mmoja hutoka kwenye mfereji bila fundi kuona. Mteja anarudi akisema gasketi zilizopo mjini ni feki, kumbe gasketi haina kosa lolote. Msimamo wangu, basi, ni kwamba kabla ya kuchagua tuulize aliyetengeneza injini aliweka nini mahali hapo, na kwa nini.

Fundi pikipiki, Ujiji:
Nakuunga mkono, ndugu, na kwa pikipiki naongeza kwamba unene wa gasketi ni kipimo. Gasketi ya chini ya silinda ikiondolewa na mahali pake kupakwa silikoni, silinda hushuka, mgandamizo hubadilika na pistoni husogelea valvu. Hilo halionekani kwa nje, kwa sababu oili imeacha kuvuja na mwenye bodaboda ameridhika.

Kwa kava la klachi, ambalo ndilo linalovuja mara nyingi, ninakata gasketi mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya gasketi yenye unene unaolingana na ile ya zamani. Naitandika juu ya kava, nashikilia kwa kidole gumba, kisha nagonga taratibu ukingoni kwa upande wa mviringo wa nyundo mpaka ukingo wa kava wenyewe uikate. Matundu ya boliti nayatoboa kwa gololi ya beringi: unaiweka juu ya tundu, unaigonga kidogo, na kiduara cha karatasi kinadondoka kikiwa safi. Kava ni la aluminiamu, hivyo mkono mzito hauhitajiki, kwani ukingo ukibonyea hakuna karatasi itakayoziba. Kabla ya kufunga napaka grisi nyepesi ili siku ya kufungua klachi karatasi itoke nzima. Silikoni ukiitoa kwenye kava hilo ni kazi ya kukwangua, na wengi hukwangua kwa bisibisi, wakaacha mikwaruzo ambayo ndiyo njia mpya ya oili.

Mwenye mashine ya kusaga, Kasulu:
Mimi si fundi, ni mama mwenye mashine ya mahindi na muhogo inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja ya Kichina. Ilivuja kwenye kava la ubavuni. Ikawekwa gasketi mpya, ikavuja. Ikapakwa silikoni nyekundu, ikakaa kwa muda mfupi, halafu ikavuja pembeni ya pale palipozibwa. Mafundi wakawa wanabishana mbele yangu kama mnavyobishana hapa, kila mmoja akitetea dawa yake.

Aliyemaliza tatizo alikuwa mzee mmoja ambaye hakugusa kava kabisa. Aliwasha injini, akalegeza kifuniko cha kumiminia oili, na hewa ikatoka kwa nguvu. Akaenda kwenye kipumulio cha injini, akakifungua na kutuonyesha: vumbi la unga lilikuwa limechanganyika na oili, likaganda kama ugali wa jana. Injini ilikuwa haina pa kupumulia, hivyo presha ya ndani ilisukuma oili kwenye kiungo chochote kilicho dhaifu. Kilisafishwa kwa dizeli na kukaushwa, kisha gasketi ya kawaida ya karatasi ikatosha. Alinieleza pia kwamba, kama kipumulio kingekuwa wazi na bado moshi unafuka kwa kishindo, ningejua ringi za pistoni zimechoka na fedha ya silikoni ningeipoteza bure.

Mwanzisha mada, Tabora mjini:
Asante sana, mama. Hilo la kipumulio lilistahili kutangulia maelezo yangu yote.

Dereva wa Fuso, Urambo:
Naomba nieleze upande ambao mafundi hawapendi kuuzungumza. Gari ninaloendesha hubeba tumbaku msimu wa mauzo, na tajiri alitaka sampo izibwe haraka. Fundi alipaka silikoni nene kweli, akakaza papo hapo, ikafurika nje, akaifuta kwa kidole na kazi ikapendeza. Tatizo ni kwamba kiasi kilichofurika nje ndicho kilichofurika ndani, ambako hakuna kidole cha kufuta. Baada ya muda taa ya oili ikaanza kuwaka injini ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa.

Nilizima na kukataa kuondoka, ingawa tajiri alipiga simu kwa hasira. Sampo ilipofunguliwa, chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na vipande virefu vya silikoni vilivyokatika kutoka ukingoni. Kama ningeendelea hadi Tabora kwa taa ile, beringi za krenki zingeungua, na hapo tungezungumzia injini nzima badala ya tone la oili chini ya gari. Sikatai silikoni, kwani sampo hiyo ilifungwa tena kwa silikoni. Tofauti ni kwamba ilipakwa mstari mmoja mwembamba usiokatika, wa milimita 2 hadi 3, ukizunguka matundu ya boliti kwa upande wa ndani.

Muuza vipuri, Nzega:
Niongeze jambo la dukani. Si kila silikoni ni ya injini. Ile ya kuzibia sinki na vioo haivumilii oili ya moto, na ikiwa inanuka siki, basi inatoa asidi inayokula chuma. Hata ile ya injini haifai kwenye kabureta, kwa sababu petroli huivimbisha na kuilegeza.

Mwanzisha mada, Tabora mjini:
Nijibu na waliouliza kwa nini silikoni ya sampo hubanduka hata ikipakwa vizuri. Sababu ya kwanza ni uchafu: uso uliofutwa kwa tambara lenye oili haushiki kitu, hivyo ufutaji wa mwisho uwe wa thina na kitambaa safi. Sababu ya pili ni haraka, kwani silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani, na aina nyingi huhitaji takriban saa 24 kabla ya kukomaa kabisa. Kiangazi cha kwetu, hewa ikiwa kavu, usitarajie iwahi. Sababu ya tatu ni sampo yenyewe. Sampo ya bati iliyokazwa kupita kiasi hubonyea kila penye tundu la boliti, na katikati ya boliti panabaki wazi. Ilaze juu ya kipande cha mbao ngumu, uzigonge zile sehemu zilizobonyea mpaka ukingo ukae sawa, ndipo ufikirie cha kupaka.

Mchangiaji, Kibondo:
Wakuu, hedi (kichwa cha injini) ya pikapu yangu inatoa oili kidogo ubavuni. Fundi anasema tusifungue, tupake silikoni kwa nje. Nikubali?

Fundi pikipiki, Ujiji:
Usikubali, kaka. Silikoni ya nje haina pa kushika, maana oili inasukuma kutoka ndani. Kwanza osheni injini, ikaushwe, mnyunyize unga wa talki pale ubavuni, kisha iwashwe na kutazamwa, kwa sababu mara nyingi oili hiyo hutoka kwenye kava la tapeti juu na kuteremka hadi kwenye hedi. Ikithibitika ni hedi yenyewe, inafunguliwa, uso unapimwa kwa rula iliyonyooka, na inawekwa gasketi yake halisi ikiwa kavu, isipokuwa pale ambapo kitabu cha injini kinaagiza vingine.