Étienne na Stefano ni jina moja kweli?

Baba Mtarajiwa: Wadau, naombeni msaada. Mke wangu amelipenda jina Étienne kwa mtoto wetu wa kiume. Mama naye anataka mjukuu aitwe Stefano, jina la marehemu baba. Kuna mtu kaniambia ni jina lile lile, hakuna cha kugombania. Mbona mimi naona herufi tatu tu zinazofanana?

Ticha Mstaafu: Kakwambia kweli, mdogo wangu. Asili ni Kigiriki, stephanos: taji, au shada avishwalo mshindi. Kilatini kikasema Stephanus. Sasa, Wafaransa wa kale ulimi ulikuwa mzito kuanza neno kwa S inayofuatwa na konsonanti, wakatanguliza E: Estienne. Baadaye hiyo S nayo ikaacha kutamkwa, ikabaki alama juu ya É. Schola ya Kilatini ilipita njia hiyo hiyo hadi ikawa école.

Ukitaka kuiona S ikiwa bado mahali pake, mtafute Robert Estienne, mchapaji wa Paris aliyehamia Geneva. Mwaka 1551 alichapa Agano Jipya la Kigiriki lenye namba za aya, na namba tunazotumia leo zimetokana na kazi yake. Kwa hiyo mama akikufungulia Matendo sura ya 7, Stefano anapopigwa mawe, aya zile zilihesabiwa na Stefano mwingine! Mimi hunichekesha kila nikikumbuka.

Kijiweni: Na Stéphane je?

Ticha Mstaafu: Ndugu yake. Hilo wasomi walilirudia kwenye asili, ndiyo maana S ipo. Lilivuma miaka ya 1970, ila Étienne ndilo la kale. Paris kuna kituo cha metro cha Étienne Marcel, kiongozi wa wafanyabiashara aliyeuawa 1358 baada ya kupambana na mrithi wa ufalme. Halafu kuna mji wa Saint-Étienne.

Mzee wa Soka: Hapo umenigusa! Fainali ya Kombe la Ulaya 1976, Bayern Munich 1, Saint-Étienne 0. Waligonga mwamba mara mbili, na mpaka leo mashabiki wao wanalaumu milingoti ya mraba ya Hampden Park.

Baba Mtarajiwa: Shikamoo Ticha, asante sana. Siku ya mtakatifu wake ni lini? Tunategemea mtoto mwezi wa kumi na mbili.

Ticha Mstaafu: Marahaba. Ni tarehe 26 Desemba, mkijaliwa mtoto atasubiri Krismasi ipite. Linatamkwa "Etyen". Na kwenye cheti usikubali waiache ile alama ya juu.