Mjadala: Ajali ya Sabre mjini Sacramento, 1972. Je, "kosa la rubani" lilitosha kuwa jibu?

Mleta mada:

Ndugu wanajamvi, naleta mezani ajali ambayo, kwa maoni yangu, hukumu yake iliishia njiani. Jumapili ya tarehe 24 Septemba 1972, ndege ya kivita ya zamani aina ya Canadair Sabre Mk 5, iliyokuwa mikononi mwa raia, ilishindwa kupaa ilipokuwa ikiondoka kwenye maonyesho ya ndege katika uwanja wa Sacramento Executive, California. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikavunja uzio, ikakatiza barabara ya Freeport, ikaponda magari yaliyoegeshwa na kuingia katika duka la aiskrimu la Farrell's, ambamo timu ya watoto ya mpira wa Kimarekani ilikuwa miongoni mwa wateja. Matangi ya mafuta yaliyoning'inizwa chini ya mabawa yalipasuka na moto ukalipuka. Watu 22 walikufa, 12 kati yao wakiwa watoto. Rubani alipona.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza kwamba rubani aliinua pua ya ndege kupita kiasi, kwa sababu hakuwa na ujuzi wa kutosha wa ndege hiyo na pia kwa sababu alichokiona mbele yake kilimpotosha kuhusu mkao wa ndege. Alikuwa amerusha Sabre kwa muda usiofika saa 4. Asiyejua urubani atauliza: si ndege hupaa kwa kuinua pua? Ni kweli, lakini mabawa ya Sabre yamelazwa nyuma kwa nyuzi 35, na mabawa ya namna hiyo yakiinuliwa mno wakati kasi bado ni ndogo, ukinzani wa hewa huongezeka kiasi cha kumeza nguvu ya injini. Jeti inaunguruma kwa uwezo wake wote, kasi haipandi, na njia inakwisha. Dawa yake ni kushusha pua ili ndege ikimbie kwanza, jambo ambalo mtu anayeona uzio ukimjia hawezi kulifanya kama mikono yake haijalizoea.

Maelezo hayo nayakubali yote. Ila yanajibu tu kwa nini ndege haikupaa. Kwa nini jeti yenye shehena ya mafuta iliruhusiwa kuondokea uwanja uliozungukwa na mji, huku ng'ambo ya barabara kukiwa na maduka yaliyojaa watu siku ya Jumapili? Hapo rubani si mtu pekee wa kuulizwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Nakuheshimu, mleta mada, lakini unamtwisha mzigo asiyehusika. Sabre iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na vijana wengi waliirusha katika vita vya Korea bila kufanya kosa hili, kwa kuwa walifundishwa kwanza. Uwanja wa Sacramento ulikuwapo tangu miaka ya 1930, na mji ndio uliousogelea. Ukisema kila uwanja wenye majirani ufungiwe jeti, utafunga nusu ya viwanja vya dunia kwa sababu ya mtu mmoja aliyekalia kiti asichokiweza. Baada ya ajali, mamlaka ya anga ya Marekani ilikaza masharti kwa wanaorusha ndege za kivita za zamani, na hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya ugonjwa wenyewe.

Mleta mada:

Ndugu yangu, mafunzo siyapingi. Ninachokataa ni wepesi wa kufunga jalada mara rubani anapotajwa. Tarehe 26 Oktoba 1952, ndege ya abiria ya Comet ilishindwa kupaa mjini Roma kwa sababu hiyo hiyo ya pua kuinuliwa mno, na lawama zikamwangukia rubani. Tarehe 3 Machi 1953 nyingine ilifanya vivyo hivyo Karachi, na watu 11 wote waliokuwamo wakafa. Baadaye watengenezaji walibadilisha umbo la ukingo wa mbele wa bawa. Kama rubani wa Roma ndiye aliyekuwa tatizo lote, bawa lilibadilishwa la nini?

Mchangiaji wa pili:

Naomba niingie hapo kwenye suala la mafunzo. Tarehe 21 Julai 2025, ndege ya kivita ya F-7 ya jeshi la anga la Bangladesh iliondoka kambi ya Kurmitola jijini Dhaka kwa safari ya mafunzo, na muda mfupi baadaye ikaangukia shule ya Milestone. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao watoto. Rubani wake hakuwa raia aliyejinunulia jeti. Alikuwa ofisa wa jeshi, aliyekuwa akifundishwa kwa utaratibu rasmi. Mchangiaji wa kwanza anasema mafunzo ndiyo tiba, nami nakubali, lakini mafunzo yenyewe hufanywa na watu ambao bado hawajaiva, kwa hiyo ningependa atueleze kwa nini yafanyike juu ya paa za shule.